Bunju wa Kunduchi: kisa cha mtu aliyezimwa akiwa macho

Sista wa zamu ndiye aliyekigundua kisa hiki, si mimi. Naanza na hilo kwa sababu kwenye faili sahihi ni yangu, na kila nikiwasimulia wanafunzi wananitazama kana kwamba nilijua tangu mwanzo. Sikujua. Kwa karibu nusu saa nzima nilikuwa nahangaika na ubongo ambao haukuwa na tatizo lolote.

Mgonjwa ni fundi uashi wa miaka hamsini na kidogo, mtu wa Kondoa aliyekuja Dar kutafuta kazi za ujenzi na kupanga chumba na sebule Kunduchi. Ameniruhusu niandike. Nimebadilisha mambo madogo ili majirani wasimtambue, na hospitali siitaji.

Jioni ile alitoka saiti akapitia ufukweni. Wavuvi walikuwa wamemaliza kugawana, ndoo zimeshapakiwa kwenye pikipiki. Pembeni, juu ya mchanga, kulikuwa na samaki watatu wanene, wafupi, wametupwa. Akauliza bei. Kijana mmoja, bila hata kugeuka, akamjibu: "Hao hawauzwi, mzee."

Mtu wa pwani angesikia onyo. Fundi wetu alisikia sadaka. Akawaokota, akashukuru, akaondoka nao kwenye mfuko wa saruji.

Mke wake anauza chapati barabarani na hurudi usiku, kwa hiyo samaki walitengenezwa na yeye mwenyewe pamoja na mpwa wake, kijana wa miaka kumi na tisa. Ngozi ilikuwa ngumu na ya kukwaruza, wakaichuna kwa kisu. Maini yalikuwa makubwa ajabu kwa samaki wa kimo kile, laini, yenye mafuta. Fundi akayatenga upande wake kama mkubwa wa nyumba. Wakapika kwa nazi, wakala na ugali, saa mbili kasorobo usiku. Kijana hapendi samaki sana; alichovya mchuzi, akala na kipande kidogo cha mkiani.

Sahani hazijaondolewa, fundi akauliza, "Umetia pilipili?"

"Hapana, mjomba."

Midomo ilikuwa inamchonyota. Kisha ulimi. Kisha ncha za vidole vya mikono. Alipotoka kunawa alishangaa maji ya ndoo hayakuwa ya baridi wala ya moto. Yalikuwa maji tu, hayana hali. Saa mbili na nusu akatapika mara mbili. Akataka kuinuka, magoti yakakataa. Ilipofika saa tatu alikuwa anaongea kama mlevi, na jirani aliyejua kuwa fundi hagusi pombe akatoa hukumu ya haraka: hilo ni jini la pwani, limemkuta mgeni. Kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, likaletwa kwenye kikombe. Bahati yake hakuweza kumeza, na mwenye kombe alikuwa mstaarabu, hakumimina kwa nguvu. Angemimina, maji yale yangeingia kwenye mapafu. Mke akafika, akapiga kelele moja, bajaji ikaitwa.

Nilimpokea saa tatu na nusu. Macho yamefumba nusu. Ukimwita haitiki, ukimfinya hasogei, ukiinua mkono wake na kuuachia, unaanguka kama kamba iliyolowa. Mapigo ya moyo 56 kwa dakika, presha 88 kwa 50. Sukari 6.2, yaani hapana neno. Kipimo cha malaria hasi. Dar huwezi kumtazama mtu aliyelala hivi usimpime malaria. Oksijeni kwenye damu asilimia 84, kifua kinapanda kidogo sana, tumbo linasukumasukuma. Nikawasha tochi machoni. Mboni zilikuwa pana, na mwanga haukuzisogeza hata kidogo.

Kwa mtu aliyefundishwa kama nilivyofundishwa mimi, mboni pana zisizojibu tochi ni habari mbaya kuliko zote. Nikampa mke taarifa palepale, juu ya kitanda, mume akiwa katikati yetu: "Mama, hali si nzuri. Inaonekana ubongo umeumia. Sidhani kama atafika asubuhi."

Saa nne kasoro dakika kumi akaacha kupumua kabisa. Tukamtia bomba kooni, tukaanza kumpampu kwa mkono kwa ule mfuko wa mpira tunaouita ambu. Mashine ya kupumulia ilikuwepo moja na ilikuwa na mtu. Kwa hiyo tukapokezana, na mikono ilipoisha nikamwonyesha yule mpwa namna ya kubana: hesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, bana.

Hapo ndipo sista alipomwangalia kijana. Kila akimaliza kubana alikuwa anafuta midomo kwa nyuma ya kiganja, kama mtu anayefukuza nzi.

"Wewe mdomo una nini?"

"Unanichonyota tu, sista. Toka jioni."

"Mmekula nini?"

"Samaki."

"Samaki gani?"

Kijana hakujua jina. Sista, ambaye ni mzaliwa wa Mafia, akaacha kuuliza jina akauliza sura: mfupi? kichwa kinene? tumbo jeupe? meno? Kwenye meno kijana akachangamka. Mjomba wake alikuwa amecheka akisema samaki huyu ana meno ya panya.

"Bunju huyo, dokta," sista akasema. Nami nilipofungua mdomo nianze kubishana juu ya mboni za macho, akanishika kiwiko. "Haya tukayaseme nje."

Wengi wa wasomaji wangu wanalijua neno Bunju kama kituo cha mwisho cha daladala, huko mbele ya Boko njia ya Bagamoyo. Mimi pia ndivyo nilivyolijua. Kumbe kamusi ya mvuvi ina Bunju wake: samaki anayejijaza maji akatuna kama mpira, mwenye meno manne yaliyoungana mbele. Kutokana na meno hayo manne wataalamu wakaiita jamii yake kwa Kigiriki, Tetraodontidae, na kutokana na jina la jamii hiyo Mjapani Yoshizumi Tahara akaipa sumu yake jina mwaka 1909: tetrodotoksini.

Mlango mmoja tu

Ili kuona kilichompata fundi inabidi tuingie ndani ya seli moja ya neva. Msomaji asiogope, si mbali.

Seli ya neva ni seli kama nyingine za mwili. Ina kiini chenye maelekezo ya urithi, ina mitokondria za kutengeneza nishati, imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Kinachoitofautisha ni mkia. Seli inayokunja kidole gumba cha mguu wako imekaa kwenye uti wa mgongo, sehemu ya kiunoni, na mkia wake unateremka mpaka kwenye unyayo, karibu mita nzima. Ukiukuza mwili wa seli hiyo uwe sawa na mpira wa miguu, mkia ungevuka kilomita mbili.

Sasa, habari inapitaje kwenye uzi wa namna hiyo? Watu wengi hudhani ni kama umeme kwenye waya wa TANESCO. Umeme upo, lakini chanzo chake ni chumvi. Maji yaliyo nje ya seli yana sodiamu nyingi, ileile ya chumvi ya mezani; ndani sodiamu ni kidogo na potasiamu ndiyo nyingi. Tofauti hiyo haijikai yenyewe. Kwenye utando kuna pampu ndogo zinazotoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, usiku na mchana, kama mtu anayetoa maji kwenye mtumbwi unaovuja. Jens Christian Skou wa Denmark aliieleza pampu hiyo mwaka 1957, na Tuzo ya Nobel ikamfikia miaka arobaini baadaye, 1997. Matokeo ya kazi yote hiyo ni kwamba ndani ya seli iliyotulia kuna chaji hasi ya milivolti 70 hivi ukilinganisha na nje. Sodiamu iko nje inasukumana kuingia, na mlango umefungwa.

Milango yenyewe ni protini zilizopenya utando, na kila mmoja unasikiliza umeme wa pale ulipo. Chaji ikipungua kutoka hasi 70 kufika kama hasi 55, mlango unafunguka. Sodiamu inaporomoka ndani, maelfu kwa maelfu katika milisekunde moja, na eneo lile la utando linageuka kuwa chanya. Kisha mlango unajifunga, potasiamu inatoka, utulivu unarudi. Lakini umeme ule umeshamgusa jirani, naye amefungua. Jirani anamgusa jirani.

Uliwahi kuona mashabiki wakifanya wimbi pale Uwanja wa Mkapa? Mtu anasimama, anainua mikono, anakaa; wa pembeni anafuata. Wimbi linazunguka uwanja mzima na hakuna aliyehama kiti. Na halirudi nyuma, kwa sababu aliyekwisha simama ndiyo kwanza anakaa. Ndivyo habari inavyoshuka kwenye neva. Zenye kasi zaidi zimevikwa koti la mafuta, na wimbi linaruka kutoka penye mwanya mpaka penye mwanya, kama mwendokasi ya moja kwa moja inayopita vituo vya katikati. Hizo zinapita mita 100 kwa sekunde. Zisizo na koti zinatambaa kwa mita moja au mbili tu. Ndiyo maana ukijikwaa kidole unajua kwanza kuwa umejikwaa, halafu, baada ya kitambo, maumivu yenyewe yanawasili.

Yote haya hatukuyajua kwa kutazama neva za binadamu, maana ni nyembamba mno. Tuliyajua kwa ngisi. Ngisi, huyuhuyu anayekaangwa pale Feri, ana neva moja nene inayokaribia milimita moja, ya kumwezesha kubana mwili kwa ghafla na kukimbia. Alan Hodgkin na Andrew Huxley wa Uingereza walipenyeza waya mwembamba ndani ya neva hiyo, wakapima, na mwaka 1952 wakaandika hesabu za jinsi sodiamu na potasiamu zinavyopishana. Nobel yao ni ya 1963. Huwa nawaambia wanafunzi wasimle ngisi bila adabu.

Rudi kwenye sahani ya fundi. Tetrodotoksini ni molekuli ndogo yenye ncha inayofanana vya kutosha na sodiamu hata ikavutwa kwenye mdomo wa mlango, na mwili mnene unaokataa kupita. Inakwama palepale, upande wa nje, kama gunzi la muhindi kwenye mdomo wa dumu la mafuta ya taa. Mwaka 1964 Toshio Narahashi na wenzake walionyesha, kwa kutumia neva ya kambakoche, kuwa sumu hii inaziba mlango wa sodiamu na kuuacha ule wa potasiamu uendelee na kazi. Ni sawa na kuwagandisha mashabiki wa safu moja kwenye viti vyao kwa gundi: wimbi linafika pale na kufa. Wako hai, wana afya, wanaona. Kusimama tu ndiko hawawezi.

Kama umewahi kung'oa jino umeonja jambo la jirani na hili. Sindano ya ganzi ya daktari wa meno inaziba mlango huohuo, ila yenyewe huuingilia kwa ndani, na inabaki kwenye taya. Sumu ya bunju inaingia tumboni na kuenda kila inakoenda damu. Inaanza na midomo na ulimi kwa kuwa ndivyo vilivyoigusa kwanza na vimejaa neva za hisia, kisha vidole, kisha misuli ya miguu, mikono, koo, mwisho kiwambo cha kupumulia.

Kwa nini moyo haukusimama? Swali hili niliulizwa na mke wake, na ni swali zuri kuliko mengi ya darasani. Milango ya sodiamu ya misuli ya moyo imetofautiana kidogo na ya neva. Kwenye mdomo wa mlango, asidi amino moja, yaani tofali moja la protini hiyo, si ileile, na kwa tofauti hiyo moja sumu haishiki vizuri. Bunju naye ana kinga ya namna hiyo: milango yake mwenyewe imebadilika pale pale, ndiyo maana anatembea na maini yaliyojaa sumu na hafi. Sumu yenyewe hata haitengenezi yeye. Hutengenezwa na bakteria, naye huikusanya.

Na ubongo? Hapa ndipo kisa chote kilipo. Kuta za mishipa ya damu ya ubongo zimebana vizuri, hazipitishi kila kitu, na tetrodotoksini ni katika vile vinavyobaki nje. Ubongo wa fundi ulikuwa unafanya kazi kama kawaida. Alichokosa ni njia za kutoka.

Kiswahili kinaita neva mishipa ya fahamu. Ni jina zuri, lakini usiku ule lilinipoteza, maana fahamu hiyohiyo ndiyo tunayosema mtu ameipoteza. Kwenye fomu ya mapokezi niliandika kwa kalamu yangu: "Amepoteza fahamu." Alikuwa amepoteza mishipa. Fahamu alikuwa nayo yote, na ilikuwa inasikiliza.

Nilivyopaswa kufikiri

Sikuwa mjinga kuwaza mambo mengine. Kiharusi nilikitoa mapema, kwa sababu kiharusi huchagua upande, na huyu alilegea kulia na kushoto sawasawa, kuanzia chini kwenda juu. Kilichonishika muda mrefu ni dawa ya wadudu. Tunawapokea wengi waliokunywa au kuvuta dawa za kuulia wadudu wa shambani, nao pia hutapika, hulegea na kuacha kupumua.

Lakini dawa ya wadudu inaharibu sehemu nyingine kabisa ya safari. Wimbi la umeme likifika mwisho wa mkia wa neva, mbele yake kuna msuli, na kati yao kuna ufa mwembamba ambao umeme hauruki. Pale milango ya kalsiamu inafunguka, na vifuko vidogo vinapasuka na kumwaga kemikali, asetilikolini, inayovuka ufa na kuuamsha msuli. Kwamba neva huongea kwa kemikali kulithibitishwa na Otto Loewi mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya vyura: aliupunguza kasi moyo wa kwanza kwa kuuchochea neva yake, akachukua maji yaliyouzunguka akauwekea wa pili, nao ukapunguza kasi bila kuguswa. Baada ya ujumbe kupita, kimeng'enya kinafagia asetilikolini ili msuli upumzike. Dawa ya wadudu inamuua mfagiaji. Kemikali inarundikana, ujumbe haukomi: mate yanamwagika, machozi, jasho, kuhara, misuli inachezacheza, na mboni zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano. Fundi alikuwa na mdomo wa kawaida na mboni pana. Ningetulia, mboni zilezile zilizonitisha zingenielekeza.

Nyoka je? Swila na koboko pia hulegeza mtu hadi akaacha kupumua. Sumu ya swila inakaa upande wa pili wa ufa, inaziba masikio ya msuli. Neva inapiga kelele, msuli hausikii. Lakini nyoka hamng'ati mtu midomo akiwa anakula ugali, na hamchonyoti mpwa wake kwa wakati mmoja. Watu wawili, sahani moja. Ningeuliza swali hilo kwanza ningemaliza kila kitu kwa dakika mbili, na linaulizwa bure, halihitaji maabara.

Dawa ya kuiondoa sumu hii haipo. Usiku ule tulifanya yale tu yanayoweza kufanyika: tulipumua kwa niaba yake, tukampa dripu, na atropini, dawa ya kuharakisha moyo, mapigo yaliposhuka. Mkaa wa dawa ungesaidia mapema, ndani ya saa moja baada ya kula. Kwa huyu muda ulishapita. Mashine ilipatikana saa saba usiku, na vijana wa zamu wakakaa chini sakafuni, mikono imekufa. Kilichobaki ni kusubiri figo. Sumu haiui neva wala haiung'oi mlango; inaushikilia, inauachia, inaushika tena, na kila ikiachia sehemu yake inaenda na mkojo. Anayevuka saa 24 kwa kawaida anapona, na anapona mzima.

Kijana alikaa kitanda cha jirani kwa uangalizi, akipigwa marufuku kulala mpaka tumpime pumzi. Saa sita mchana midomo yake ikarudi.

Kidole cha kwanza cha fundi, gumba la mguu wa kulia, kilicheza saa tisa alasiri ya siku ya pili. Nilidhani ni shuka. Sista akasema, "Baba, kama unanisikia rudia." Kikarudia. Jioni nyusi zikaanza. Kesho yake asubuhi tukatoa bomba.

Siku ya tatu mke alirudi nyumbani kufua, akamkuta paka wa nyumba amekauka nyuma ya jiko la mkaa, pale walipotupia matumbo. Nilipoambiwa nikakumbuka habari ya James Cook, yule nahodha Mwingereza, ambaye Septemba 1774 huko New Caledonia alionja maini na mayai ya samaki wa jamii hii. Usiku wa manane mikono na miguu ikamfa ganzi, hata hakuweza kutofautisha kitu kizito na unyoya. Yeye na wenzake walionja kidogo tu, wakapona. Asubuhi wakamkuta nguruwe aliyekula matumbo amekufa. Miaka 250, bahari mbili, na ushahidi uleule umelala pembeni ya jiko. Cook naye alipika. Moto wa jikoni hauivunji sumu hii, na nazi haiifuniki.

Kosa langu la kuchelewa kuuliza chakula nimeshalisema. Lililo kubwa zaidi ni kwamba tulimtia bomba mtu aliye macho bila dawa ya usingizi, kwa kuwa tuliamini hayupo. Dawa tulianza saa nane usiku, baada ya sista kusisitiza, na kwa kiasi kidogo kwa sababu presha ilikuwa chini. Haikutosha. Yeye mwenyewe aliniambia bomba lilipopita halikumuuma sana. Ilikuwa kama kitu kinasukumwa kwenye koo la mtu mwingine, lakini anajua koo ni lake. Alimsikia anayefagia akiimba kwa puani. Alijua ni nani anabana ambu kwa mwendo wake: mpwa wake alikuwa na haraka, mimi nilikuwa polepole mno, na kati ya bano langu na jingine aliona kama nimemsahau. Alimsikia sista, ambaye tangu alipotoa jina la bunju hakuacha kumwinamia sikioni kila baada ya muda: baba upo hospitali, baba hewa tunakupa sisi, baba sumu inatoka yenyewe, tulia.

Na alinisikia mimi.

Alirudi kliniki baada ya wiki mbili, ameshika kofia yake ya kazi. Vidole vilikuwa sawa, isipokuwa asubuhi ganzi kidogo kwenye ncha, na akijaribu saruji kama imekauka inabidi atumie mgongo wa mkono. Nikampima, nikaandika. Alipokuwa anafunga vifungo vya shati akauliza, kwa upole tu, kama mtu anayehakikisha bei: "Dokta, ni wewe uliyesema sitafika asubuhi?"

Nikasema ni mimi. Nikamwomba radhi.

"Nilikuwa nasubiri," akasema. "Macho hayafunguki, saa siioni. Basi nikategea sikio. Ilipoadhiniwa alfajiri nikasema moyoni, huyu kijana amekosea."